Mackay wa Usambiro, mtu aliyechonga herufi

Ukitoka mjini Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, ukaziacha Nyegezi na Mkolani nyuma, unaingia Buhongwa, na hapo macho hayakosi cha kusoma. Kuna bango la duka la nondo na saruji, la mama lishe, la saluni, la fundi wa kuchomelea mageti, na katikati ya hayo yote mabango ya makanisa, maana siku hizi hakuna mtaa usio na kusanyiko. Mengi yameandikwa kwa herufi za kawaida, nene na wazi. Ila hapa na pale utakuta moja lililoandikwa kwa zile herufi nyeusi za kizamani, zilizobanana, zenye ncha kama za mkuki, na herufi kubwa ya mwanzo imejikunja kama mboga ya maboga inayotambaa uani.

Wenye steshenari huziita Old English, kwa jina la fonti waliyoikuta ndani ya kompyuta. Wengine husema herufi za Kigothi. Utaziona kwenye vyeti vya ubatizo na vya ndoa, kwenye kadi za harusi, kwenye kalenda za kwaya, kwenye cheti cha mtoto aliyehitimu chekechea akiwa amevalishwa joho. Ukitoka nje ya kanisa utazikuta kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye fulana za vijana wa muziki wa kufokafoka na kwenye tatuu za mikono yao. Herufi ile ile inamtangaza mchungaji na inamtangaza rapa. Wote wawili wanaipenda kwa sababu moja: ina uzito, ni ya zamani, na anayeitazama anahisi kwamba hapa pana mamlaka.

Uzuri wake haukatai mtu. Herufi hizi zilizaliwa Ulaya Magharibi katika karne ya 12, mikononi mwa waandishi walionakili vitabu kwa kalamu yenye ncha pana. Kalamu ikishuka inaacha mstari mnene, ikienda pembeni inaacha mwembamba, na pale ambapo sisi tungeweka duara wao waliivunja ikawa pembe. Ndiyo maana aina moja yake, iliyopendwa na Wajerumani, inaitwa Fraktur, jina lenye maana ya kuvunjika. Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake kule Mainz, kazi iliyokamilika mnamo 1455, alitumia herufi za namna hii, kwa kuwa ndizo watu wa nchi yake walizozizoea katika vitabu vya kanisa. Agano Jipya la Martin Luther la 1522 lilitoka kwa herufi za ukoo huo huo. Hata Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, toleo la kwanza la 1611, ilivaa vazi hilo jeusi. Kwa hiyo fundi wa Buhongwa anayeona kwamba herufi hizi zina harufu ya kanisa hakukosea.

Tatizo linaanza mtu anapotaka kuzisoma. Mwambie fundi akuandikie neno muumini kwa herufi hizo, uone. M ni vijiti vitatu, u ni viwili, u nyingine viwili, m tena vitatu, i kimoja, n viwili, i kimoja. Jumla ni vijiti 14 vilivyosimama sambamba kama uzio wa fito, na jicho halijui wapi u inaishia na wapi m inaanzia. Kiswahili chetu kimejaa maneno ya namna hiyo. Na ukizidisha kwa kuandika jina zima la kanisa kwa herufi kubwa tupu, jambo ambalo wapiga chapa wa zamani wenyewe walilikwepa, basi hata aliyelipia bango atashindwa kulisoma. Mahali pake ni mstari mmoja juu ya cheti, kwa ukubwa wa kutosha, herufi kubwa mwanzoni na ndogo zikifuata. Magazeti kadhaa makubwa ya Ulaya na Marekani bado yanaandika jina lao hivyo juu ya ukurasa wa kwanza, kisha habari zote zinazofuata zinaandikwa kwa herufi za kawaida. Nabii Habakuki aliagizwa aandike ujumbe wake kwenye vibao kwa namna ambayo hata anayekwenda mbio angeuelewa. Nadhani agizo lile linafaa sana kwa barabara ya Shinyanga, ambako magari hayatembei polepole.

Nimeyasema haya kwa sababu kwenye mwambao huu huu wa ziwa aliwahi kuishi mtu aliyejua thamani ya herufi moja inayosomeka, hata akazichonga kwa mikono yake mwenyewe. Jina lake Alexander Mackay. Wenyeji walimwita Mzungu wa Kazi.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, mkoa wa Aberdeen, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Free Church na pia mwandishi wa vitabu vya jiografia, na ndiye aliyemfundisha mtoto nyumbani. Baba alitamani mwanawe arithi mimbari. Mtoto mwenyewe alipenda mashine. Alizunguka kwa wahunzi na mafundi, na miongoni mwa vitu alivyovipenda utotoni ni mtambo mdogo wa kupiga chapa, ambao aliuchezea mpaka akaujua. Mama yake alifariki mwaka 1865, kabla kijana hajatimiza miaka 16, akamwachia Biblia yake.

Akasomea ualimu Edinburgh, kisha uhandisi, akifanya kazi kwenye karakana za Leith. Novemba 1873 akaenda Ujerumani, akaajiriwa Berlin kama mchoraji wa mitambo. Hapo ndipo maisha yake yanapokutana na zile herufi nyeusi. Berlin ya miaka hiyo ilikuwa mji wa Fraktur. Gazeti la asubuhi, kitabu cha nyimbo kanisani, Biblia ya Luther mezani, vyote vilichapwa kwa herufi zile zilizovunjika. Mackay alijifunza Kijerumani na kuishi na Wakristo wa huko, na kwa zaidi ya miaka miwili macho yake yalizoea kusoma neno la Mungu katika vazi hilo.

Tarehe 15 Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London, ambalo hadi leo jina lake huandikwa kwa herufi za Kigothi, lilichapa barua ya Henry Morton Stanley kutoka Buganda. Stanley aliwataka Wakristo wa Uingereza wapeleke wamisionari kwa Kabaka Mutesa. Hakutaka wahubiri watupu. Alitaka watu wanaojua kujenga, kulima, kutibu na kufua chuma. Shirika la CMS likaitikia, na Mackay akaomba apelekwe. Alikuwa mlei, na mlei alibaki hadi kufa. Nalisema hili kwa ajili ya mafundi wanaokaa viti vya nyuma kanisani wakidhani utumishi ni wa wenye kola.

Waliondoka Uingereza mwishoni mwa Aprili 1876. Walikuwa wanane, na Mackay ndiye mdogo kuliko wote. Siku ya kuagana aliwaambia wakubwa wa CMS jambo ambalo halikuwafurahisha: kwamba ndani ya miezi sita huenda wangesikia mmoja wao amekufa, na kwamba habari ikifika wasikate tamaa, wapeleke mwingine kwenye nafasi hiyo. Haikuchukua hata miezi sita. Agosti ile ile mmoja akafia Zanzibar. Mei 1877 Daktari John Smith akafia Kageye, kwenye Ghuba ya Speke, mahali ambapo Stanley aliishusha mashua yake majini. Desemba mwaka huo Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill wakauawa Ukerewe.

Habari ya Ukerewe inahitaji maelezo, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba watu wa kisiwani walikuwa na kiu ya damu tu. Mtawala wao, Lukonge, alikuwa na ugomvi na mfanyabiashara mmoja aitwaye Songoro juu ya mashua. Songoro alikimbilia kwa wale Waingereza wawili, nao wakakataa kumtoa. Wakafa pamoja naye. Wakati huo Mackay alikuwa bado yuko nyuma. Homa ilikuwa imemrudisha pwani, na alipopona alikesha kwenye kazi ya kufyeka barabara kutoka pwani hadi Mpwapwa, zaidi ya kilomita 300, akiwa na matumaini kwamba magari ya ng'ombe yatapita.

Alifika Kageye Juni 1878. Alichokikuta kilitosha kumrudisha mtu nyumbani. Mizigo ya misheni ilikuwa imelundikwa kwenye kibanda bila mpangilio: vipande vya boila, vitabu, mabomba, mbegu za bustani, bunduki, nguzo za hema, na humo humo katikati ya lundo zile herufi za risasi za mtambo wa kuchapia, zimemwagika ovyo. Alikaa siku kadhaa akichambua kipande kimoja kimoja, mpaka akagundua kwamba injini ya mvuke ilikuwa imekamilika na mashua ingeweza kuzibwa matundu.

Kisha akafanya jambo ambalo kila mtu pale Kageye alimkataza. Alivuka kwenda Ukerewe kwa Lukonge, bila silaha. Akakaa siku chache, akazungumza na mtu ambaye watu wake walikuwa wamewaua ndugu zake, akasikia kwamba Lukonge alimtaka Songoro tu, wakapatana, akarudi salama. Vitabu vingi vinapita haraka hapa ili vifike Buganda. Mimi naona kwamba kama angekufa wiki ile, bado ingefaa tumkumbuke sisi watu wa Mwanza.

Novemba 1878 akaingia Buganda. Kwenye ikulu ya Mutesa alikuta kwamba Kiswahili kinaeleweka, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wametangulia, nao walileta na herufi za Kiarabu. Mackay alikuwa amebeba sehemu za Maandiko kwa Kiswahili zilizotafsiriwa na Askofu Edward Steere wa Zanzibar, naye Steere aliandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, hizi hizi unazozisoma sasa. Kwa hiyo mhandisi yule akaanza kumsomea Kabaka Injili kwa lugha yetu, huku akijifunza Kiganda.

Vijana wa ikulu walitaka kujua siri ya kitabu. Walikuja wengi kuliko vitabu vilivyokuwapo. Karatasi za kufundishia kusoma zilihitaji herufi kubwa ambazo kundi la watu wangeweza kuziona kwa pamoja, na herufi za risasi zilizoletwa zilikuwa ndogo. Mackay akachukua mbao akachonga herufi zake. Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Herufi ya kuchapia huchongwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, ili ikigandamizwa kwenye karatasi isimame sawa. Kinachotakiwa kuonekana hubaki juu, na kila kitu kinachoizunguka huondolewa. Kimo cha herufi zote lazima kilingane, kwani moja ikizidi kidogo itatoboa karatasi, na ikipungua haitagusa wino. Kosea pembe moja ya herufi, utupe kipande uanze upya. Alifanya kazi hiyo akiwa pia mhunzi, seremala, mjenzi, mganga na mwalimu, na mara nyingi akiwa na homa.

Mtu aliyetoka Berlin, mji wa herufi zilizovunjika, alichonga herufi za namna gani? Alichonga za Kilatini zilizo wazi. Sidai kwamba alikaa akatafakari mitindo ya herufi, maana CMS na Steere walikuwa wamekwisha kushika njia hiyo. Lakini anayechonga kwa mkono anajua kwa uchungu wa vidole kwamba kila pambo ni kazi ya ziada, na kwamba mbele yake ameketi kijana ambaye hajawahi kuona a wala b. Kijana yule hakuhitaji herufi yenye heshima. Alihitaji kuitofautisha n na u.

Niweke hapa jambo la pembeni. Wajerumani walipokuja kuitawala nchi yetu, gazeti lao la Dar es Salaam, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lilichapwa kwa herufi zao nyeusi. Lakini gazeti la Kiswahili lililotoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, Kiongozi, lilichapwa kwa herufi za Kilatini. Hata wao waliona. Na wako wanaodhani Fraktur ni herufi ya Hitler. Ukweli ni kwamba serikali ya Hitler ndiyo iliyoifuta, kwa waraka wa Januari 1941, kwa kisingizio cha uongo kwamba ilikuwa herufi ya Wayahudi.

Turudi Buganda. Mwezi Oktoba 1881 kijana aitwaye Sembera alimpelekea Mackay barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, akiomba abatizwe. Kalamu yake ilikuwa unyasi uliochongwa ncha, na wino aliutengeneza mwenyewe. Tarehe 18 Machi 1882 wakabatizwa watu watano, wa kwanza katika misheni ile, na Sembera alipoulizwa jina la ubatizo alichagua Mackay. Sijui mwalimu gani asingelia.

Waumini wale walikuwa na jina kwa Kiganda: abasomi, yaani wasomaji. Hawakuitwa kwa jina la kanisa wala la mmisionari. Kuamini na kusoma vilikuwa kitu kimoja, na mtu alitambulikana kwa karatasi aliyoificha kwenye nguo yake.

Mutesa naye aliendelea kumtumia Mackay kwa kazi zake. Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882, Mackay aliamriwa atengeneze jeneza. Yalikuwa matatu, moja ndani ya jingine, la ndani na la nje ya mbao na la katikati ya shaba, kubwa kiasi kwamba lilifanana na nyumba. Alifanya kazi hiyo kwa wiki nyingi, akilalamika moyoni juu ya vitambaa vilivyoteketea kaburini, lakini aliifanya.

Kuna upande wake ambao sitauficha. Mapadre wa White Fathers walipofika Buganda mwaka 1879, Mackay aliwapokea vibaya. Yeye na Padre Lourdel walibishana mbele ya Mutesa juu ya imani, kila mmoja akimkosoa mwenzake, na Kabaka akabaki kushangaa kwamba kila taifa la Wazungu lina dini yake. Alikuwa na ulimi mkali na chuki ya Kiskoti dhidi ya Roma. Mbegu ile iliota. Mwaka 1892, yeye akiwa amekwisha kufa, Wakristo wa pande mbili walipigana kwa bunduki Mengo. Siwezi kumtwisha Mackay mzigo wote huo, lakini sehemu yake ipo. Ajabu ni kwamba hapa kwetu mapadre hao hao walikuwa na kituo Bukumbi, upande huu huu wa ghuba, na waliokuwa wakibishana Buganda wakawa majirani uhamishoni.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na Mwanga, kijana asiye na subira na aliyezungukwa na wenye hofu. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walikatwakatwa na kuchomwa moto. Yusufu alikuwa bado mtoto. Mackay aliwakimbilia kuwaombea wasiuawe, akasukumwa na kutishiwa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja. Juni 3, 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja walichomwa Namugongo.

Hebu fikiri maana ya kipande cha karatasi katika miaka ile. Kukutwa nacho kungeweza kumfikisha mtu kwenye kuni. Na katika miaka hiyo hiyo, Mackay na wenzake walikuwa wakichapa sura za Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Watu walikuja usiku kuchukua karatasi. Mackay alijua anampa mtu kitu gani. Kuanzia Agosti 1886, mwenzake Robert Ashe alipoondoka, alibaki peke yake karibu mwaka mzima, mchana akiitwa ikulu kufanya ufundi, usiku akifundisha na kupanga herufi. Kuzipanga ni kuziokota moja moja kwa vidole, mstari baada ya mstari, ukisoma kinyume. Taa ikiwa hafifu, herufi zinazofanana zinachanganyika. Hapo ndipo uwazi wa herufi unapoacha kuwa suala la urembo.

Julai 1887 alilazimika kuondoka Buganda. Alifunga mlango wa nyumba ya misheni akavuka ziwa kuja kusini, akaanza upya Usambiro, kusini ya ghuba ambayo Wazungu waliipa jina la yule Smith aliyeuawa Ukerewe. Akajenga nyumba, karakana, tanuri la matofali. Akaendelea kuchapa Kiganda, akaishughulikia tafsiri ya Injili ya Yohana, na karatasi zikavuka ziwa kwa mitumbwi kuwafuata wasomaji waliotawanyika. Machi 1888 Askofu Henry Parker, aliyechukua nafasi ya Hannington, akafia hapo Usambiro, naye akamzika.

Kisha historia ikageuka. Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Mtu aliyewachoma wasomaji akawa mkimbizi kwenye pwani yetu, akapokelewa na mapadre wa Bukumbi, wale ambao alikuwa amewaua watoto wao wa kiroho. Na katikati ya mwaka 1889 akamwandikia Mackay barua, akiomba msamaha na msaada. Mackay alikuwa na haki ya kuitupa motoni. Badala yake aliwashauri Wakristo wa Buganda, ambao wengi wao waliwapoteza ndugu Namugongo, wamrudishe kwenye kiti. Unaweza kusema ilikuwa siasa, na kweli siasa ilikuwamo, maana Mackay alitaka pia Uingereza ishike nchi ile. Lakini nawaza juu ya mtu aliyemwona Yusufu Lugalama akichukuliwa, halafu anaisoma barua ile mpaka mwisho na kuchukua kalamu.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley alifika Usambiro akitoka Kongo na Emin Pasha, akakaa siku karibu 20. Alikuta nyuki wa kazi: karakana ikilia, boila ikitengenezwa, vijana wa Kiganda wakisoma. Alimsihi Mackay waondoke pamoja kwenda pwani. Mackay hakuwa ameiona Uskoti tangu 1876, miaka 13, hana mke wala mtoto. Alikataa, akasema hataondoka mpaka apatikane wa kushika nafasi yake. Shirika lilimwandikia arudi kupumzika. Yeye aliwajibu kwa kuomba watu.

Mwanzoni mwa Februari 1890 homa ya malaria ilimshika. Aliyekuwa naye ni mmisionari mmoja tu, David Deekes, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa na alikuwa ameandaa safari ya kurudi nyumbani. Siku nne homa haikushuka. Tarehe 8 Februari akafa, akiwa na umri wa miaka 40. Habari kwamba wasomaji wameishika Mengo kwa mara ya pili na Mwanga amerudi kwenye kiti haikumkuta.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Mtu aliyemtengenezea mama wa Kabaka majeneza matatu alizikwa katika sanduku lililotengenezwa kwa mbao alizokuwa amezipasua kwa ajili ya mashua mpya, kando ya Askofu Parker. Vijana wa Kiganda waliimba wimbo kwa lugha yao. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka miaka sita baadaye, mwaka 1896, kwa kazi ya George Pilkington na wenzake, ikiwa imechapwa kwa herufi zile zile za kawaida. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilifukuliwa Usambiro, ikavushwa ziwa kwa mara ya mwisho, ikazikwa Namirembe.